Ukijani Hauna Kosa

Kila mgeni kutoka nyumbani ninayemvusha kwa boti kwenda Liberty Island, kisiwa cha Sanamu ya Uhuru hapa New York, huniuliza swali lilelile akishamaliza kupiga picha: hivi Wamarekani, pamoja na utajiri wao wote, wameshindwa kuisugua sanamu hii ikarudi kung'aa? Mjomba wangu alikwenda mbali zaidi. Alisema sufuria ya shaba ya shughuli ikifika rangi ile ya kijani hupelekwa kwa fundi ikatiwe bati upya, iweje sanamu ya taifa iachwe hivi? Kwenye sufuria mjomba ana haki, maana ukijani wa shaba ukiingia kwenye chakula ni sumu. Kwenye sanamu hana haki hata kidogo, na nilipojaribu kumweleza pale kivukoni boti ikawa imeshafika. Basi na amalizie kusoma hapa.

Mimi ni fundi bati. Kazi niliianzia Gerezani, Dar es Salaam, kwenye vile vibanda ambavyo mchana kutwa husikii kitu ila nyundo, nikikata ndoo, majiko ya mkaa na gata. Sasa niko ng'ambo ya mto Hudson, upande wa New Jersey, na kazi yangu ni mapaa, mifereji na mapambo ya bati na shaba kwenye majengo ya zamani. Mkasi ni uleule, nyundo ya mti ni ileile. Kilichobadilika ni unene wa mkoba wa anayelipa.

Tuanze na huo ukijani. Shaba nyekundu ikitoka kiwandani ina rangi ya senti mpya. Ikikaa nje inakuwa kahawia, kisha kahawia nzito, na baada ya miaka mingi inaanza kuvaa utando wa kijani. Utando huo ni shaba yenyewe ikiwa imeungana na hewa, maji, salfa ya moshi wa mjini na, kama jengo liko pwani, chumvi ya bahari. Tofauti yake na kutu ya chuma ni hii: kutu ya chuma huvimba, hubanduka na kuacha chuma kibichi kiliwe tena, ilhali utando wa shaba hushikamana na bati na kulifunika. Sanamu ya Uhuru ilipopimwa ilipokaribia kutimiza miaka 100, shaba yake, ambayo tangu mwanzo ilikuwa na unene wa milimita 2.4 tu, ilikuwa imepungua takriban milimita 0.13. Hiyo ni karne nzima ya mvua, theluji na upepo wa bahari. Ukiusugua huo ukijani unaondoa shaba iliyokwisha kujikinga, na bati linalazimika kuanza upya kujila mpaka lipate ngao nyingine.

Wakubwa wa hapa nao waliwahi kuwaza kama mjomba. Mwaka 1906 Bunge la Marekani lilitenga fedha za ukarabati, na humo mlikuwa na mpango wa kuipaka sanamu rangi ndani na nje. Watu wa New York walipopata habari wakaja juu. Wahandisi wa jeshi wakauchunguza ule utando, wakaona unaikinga shaba, wakaacha nje kama kulivyo na kupaka ndani peke yake. Kelele za wananchi ziliokoa kitu, kwa nje angalau. Hiyo rangi ya ndani nitairudia, kwa sababu ilikuja kuleta tabu yake.

Maana ugonjwa wa sanamu ile haukuwa nje, ulikuwa ndani, mahali ambapo shaba ilikutana na chuma.

Mchongaji, Auguste Bartholdi, aliitengeneza ngozi ya sanamu kwa njia ambayo fundi yeyote wa Gerezani angeielewa akiiona mara moja. Walifanya umbo la plasta la ukubwa kamili, kipande kwa kipande. Juu ya plasta wakajenga kalibu za mbao zinazofuata kila mkunjo wa kanzu. Kisha bati la shaba likawekwa ndani ya kalibu na kufuliwa kwa nyundo kutoka upande wa nyuma, likipashwa moto kila lilipokuwa gumu, mpaka likalala juu ya mbao. Vipande kama 300 vilipatikana hivyo kwenye karakana ya Gaget, Gauthier mjini Paris. Vyote pamoja vina uzito wa karibu tani 30, kwa sanamu yenye kimo cha mita 46 kutoka kisigino hadi ncha ya mwenge. Bati jembamba kiasi hicho haliwezi kujisimamisha lenyewe. Linahitaji mifupa.

Mtu wa kwanza kuombwa mifupa hiyo alikuwa msanifu majengo Eugène Viollet-le-Duc, ambaye alipendekeza sehemu ya chini ijazwe mchanga. Alifariki mwaka 1879 na kazi ikaangukia kwa Gustave Eiffel, pamoja na mhandisi wake Maurice Koechlin. Hao hawakujaza kitu. Walisimamisha mnara wa chuma katikati, wakatoa mikono kwenda pande zote, na mwisho wa mikono wakaweka pau bapa za chuma zilizopindwa kufuata umbo la ngozi. Akili kubwa iko hapa: pau hizo hazikupigwa ribiti kwenye ngozi. Zilipita ndani ya vibano vya shaba vyenye umbo la U, na ni vibano hivyo ndivyo vilivyopigwa ribiti kwenye ngozi. Kwa hiyo jua likipiga, shaba inatanuka na kuteleza juu ya pau. Upepo ukivuma, ngozi inacheza kidogo na kurudi.

Eiffel alijua pia kwamba shaba na chuma havikai pamoja kwa amani. Ukivigusanisha palipo na unyevunyevu, hasa wenye chumvi, umetengeneza betri, na kwenye betri hiyo chuma ndicho kinacholiwa. Akaweka kati yao kitambaa cha asbesto kilicholoweshwa varnishi ya shelaki. Kwa wakati wake ilikuwa dawa ya maana. Ila varnishi ilichakaa, kitambaa kikageuka kuwa sifongo, na badala ya kuzitenganisha metali mbili kikawa kinazishikia maji. Pau zikashika kutu. Na kwa kuwa kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, pau zikavimba ndani ya vibano, zikabana, zikazuia ule mtelezo, na hatimaye zikazing'oa ribiti kutoka kwenye ngozi. Hivyo shaba iliyokuwa nzima ikatobolewa na jirani yake.

Ukarabati ulifanyika kati ya 1984 na 1986. Jukwaa lililozunguka sanamu lilikuwa la alumini na lilijitegemea bila kuigusa ngozi. Ndani kulikuwa na rangi tabaka juu ya tabaka, na chini yake lami ya makaa ya mawe. Kusugua kwa mchanga kungeila shaba. Wakatumia naitrojeni ya kimiminika: rangi iligandishwa mpaka ikapasuka na kubanduka yenyewe. Ile lami iliyobaki wakaipiga kwa baikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea keki, ambayo ni laini kiasi cha kutolikwaruza bati. Mwanya wa viungo haukuwaonea huruma. Unga ule ukapenya mpaka nje, ukakutana na unyevu na kuanza kuugeuza ukijani kuwa rangi ya samawati kwa michirizi, ikabidi watu wasimame nje kuosha. Napenda kisa hiki kwa sababu wale walikuwa mabingwa wenye fedha na maabara, na bado maji yaliwaonyesha tundu ambalo hakuna aliyelitazamia.

Kisha zikaja pau zenyewe, zaidi ya 1,800. Hakuna hata mbili zinazofanana, kwa kuwa kila moja inafuata mkunjo wake. Ilibidi itolewe moja, ipelekwe karakana iliyojengwa hapohapo kisiwani, ipindwe pacha wake wa stenlesi, irudishwe. Wala hazikutolewa nyingi kwa mpigo mahali pamoja, maana ngozi isiyo na mbavu ingelegea. Kati ya stenlesi na shaba wakaweka utepe wa Teflon. Kwa maneno mengine walilirudia wazo la Eiffel neno kwa neno, wakabadilisha tu vitu viwili alivyokuwa amekosa. Ukiniuliza mimi ukarabati mzuri ni upi, nitakuonyesha huo kabla ya jengo lolote.

Palikuwa na mabishano pia. Ilionekana kwamba kichwa kilifungwa nje ya mstari wake kwa karibu sentimita 60, na bega la mkono wenye mwenge lilikuwa dhaifu tangu siku ya kwanza. Wako waliotaka bega lijengwe upya jinsi Eiffel alivyolichora. Wako waliosema lile lililojengwa nalo ni historia, liimarishwe tu. Wa pili wakashinda. Mimi ningekuwa upande wao, japo nakubali kwamba ni rahisi kusema hivyo wakati si mimi niliyetia sahihi kuwa bega halitaanguka.

Mwenge hali yake ilikuwa nyingine kabisa. Mwali wa kwanza ulikuwa shaba tupu iliyofungika. Watu wakautoboa madirisha ili kutia taa ndani, wakaongeza mengine, na mwaka 1916 mchongaji Gutzon Borglum akakata sehemu kubwa ya shaba na kuweka vioo vya rangi ya kaharabu. Tangu hapo maji hayakukoma kuingia. Kufikia miaka ya 1980 mwenge ule haukuwa wa kutengenezwa tena. Wakaletwa mafundi wa Les Métalliers Champenois kutoka Reims, Ufaransa, wakaufua mpya hapohapo kisiwani kwa njia ya zamani, nyundo na kalibu, na mwali wakaufunika kwa karatasi nyembamba za dhahabu, ukimulikwa kutoka nje. Mwenge wa zamani uko kwenye jumba la makumbusho la kisiwa lililofunguliwa mwaka 2019. Nendeni mkautazame kwa karibu. Kila kioo kilichotiwa kilikuwa na kiungo, na kila kiungo kilikuwa mlango wa mvua.

Jambo dogo ambalo mimi hulifurahia kuliko dhahabu yote ile: pale ngozi ilipohitaji viraka, hawakuweka shaba mpya inayong'aa katikati ya ukijani. Walichukua shaba kuukuu kutoka paa la maabara za Bell, huku kwetu New Jersey, iliyokwisha kuvaa utando unaokaribiana na wa sanamu. Maabara nayo ikapewa kipande cha ngozi ya zamani kwa ajili ya uchunguzi. Biashara safi.

Yule Viollet-le-Duc aliyefariki kabla ya kazi ameacha shaba nyingine mahali pengine. Mnara mwembamba alioujenga juu ya paa la kanisa la Notre-Dame, Paris, uliokamilika mwaka 1859, ulizungukwa na sanamu 16 za shaba: mitume 12 na alama za wainjili wanne. Mmoja wa mitume, Tomaso, ana sura ya Viollet-le-Duc mwenyewe, na ni yeye peke yake anayegeuka kuutazama mnara. Sanamu zote 16 zilishushwa kwa winchi tarehe 11 Aprili 2019 kupelekwa kukarabatiwa kusini magharibi mwa nchi. Siku nne baadaye, tarehe 15, paa likashika moto na mnara ukaanguka. Waumini wanaliita jambo hilo muujiza. Mimi naliita ratiba ya matengenezo iliyofuatwa, ingawa sitagombana na muumini.

Na huko Ufaransa mafundi waliwaondolea mitume ule ukijani, wakawarudisha kwenye rangi ya kahawia. Najua mjomba atalishika hilo. Basi ngoja niseme wazi: ukijani si dini. Kwenye sanamu ndogo iliyoshushwa chini, ikafunguliwa na itakayopakwa nta, unaweza ukachagua rangi. Kwenye ngozi ya mita 46 iliyoko bandarini hakuna wa kupanda kuipaka nta kila mara.

Kazi zangu mimi si za magazetini. Sehemu kubwa ni kornisi, lile pambo linalotokeza juu kabisa ya ukuta wa mbele, chini kidogo ya paa. Ukitembea New York utadhani ni jiwe. Majengo mengi ya kupangisha ya mwisho wa karne ya 19 yamevikwa kornisi za bati lenye zinki, lililokandamizwa kwenye kalibu likatoka na maua na majani yake, kisha likapakwa rangi iliyochanganywa na mchanga ili lifanane na jiwe la kahawia la chini yake. Wafanyabiashara walikuwa wakichagua kwenye katalogi na kuagiza kwa futi. Siku ya kwanza kupanda kwenye jengo, kabla sijafungua begi la vifaa, naligonga pambo kwa kidole. Jiwe halijibu. Bati linalia. Kisha natoa sumaku: ikinata ni bati la chuma, isiponata nachimba rangi kwa ncha ya kisu kuona kama ni shaba au ni zinki.

Mji huu ulipoteza kornisi nyingi kwa sababu ya sheria nzuri. Mwaka 1979 kipande cha ukuta kilianguka kutoka jengo la Upper Manhattan na kumuua mwanafunzi wa chuo cha Barnard. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria namba 10, iliyokuja kuongezewa nguvu na namba 11 ya mwaka 1998, kwamba jengo lenye zaidi ya ghorofa 6 likaguliwe uso wake kila baada ya miaka 5. Hakuna mwenye akili anayeipinga. Lakini wenye majengo wengi walipopigiwa hesabu ya kutengeneza pambo waliona rahisi kuling'oa, wakapiga plasta, wakaondoka. Utayaona mpaka leo: ukuta mzuri, madirisha yenye nakshi, halafu juu kabisa upara. Pale Tume ya Kuhifadhi Majengo, iliyoundwa mwaka 1965 baada ya watu kuumia kuona stesheni ya reli ya Penn inabomolewa, imeliorodhesha jengo, mwenyewe hawezi kung'oa bila ruhusa. Anaweza kuruhusiwa kuweka faibaglasi. Ukiwa chini barabarani hutambua. Ukiwa juu, unajua.

Kwenye kornisi nne kati ya tano ninazofungua, kilichoua bati hakionekani barabarani. Ni mfereji uliofichwa nyuma ya pambo. Mafundi wa zamani walikuwa wakijenga mfereji wa mbao ndani ya kornisi na kuuvika bati au shaba. Kiungo kimoja kikipasuka, maji yanashuka ndani ya sanduku la kornisi na kuoza mbao zinazolishikilia, na bati la nje, ambalo halina kosa, linaanza kuning'inia. Mwenye jengo anaona rangi imebanduka, anaita mpaka rangi. Baada ya miaka michache anaita mwingine.

Kuna kanisa moja nililoitwa ambalo lilikwisha kupitiwa na wengi kabla yangu. Kila aliyepita alimwaga lami juu ya ufa, aliyefuata akaweka silikoni juu ya lami, na mmoja, hodari kuliko wote, akatandika alumini juu ya shaba na kuipigilia kwa misumari ya chuma. Metali tatu, kwenye maji yaliyotuama. Alumini ilikuwa imegeuka unga mweupe ninaoweza kuuchota kwa kijiko. Misumari haikuwa na vichwa tena. Na shaba ya chini yake, ya tangu kanisa lijengwe, ilikuwa nzima isipokuwa pale ilipokuwa imebanwa ikashindwa kutembea.

Maana bati linatembea. Chukua bati la shaba la mita 3. Usiku wa baridi wa hapa ni nyuzi 10 chini ya sifuri, na mchana wa Julai juu ya paa unaweza kufika nyuzi 60. Kati ya hali hizo mbili bati hilo linarefuka kwa karibu milimita 3.5. Ukilipigilia misumari pande zote halitauliza ruhusa: litavimba katikati, litarudi, litavimba tena, mpaka lipasuke kwenye mkunjo. Ndiyo maana paa zuri la shaba halina msumari unaopita kwenye bati lenyewe. Tunakata vibano vidogo vya shaba ileile, tunavipigilia kwenye mbao kwa misumari ya shaba, kisha kingo za mabati mawili zinakunjwa pamoja na kibano ndani yake. Mkunjo unasimama juu ya paa kama mshono wa kanzu, na bati linabaki limeshikwa bila kufungwa.

Kwenye mfereji mkunjo peke yake hautoshi kwa kuwa maji yanakaa, hapo lazima kulehemu. Kingo za shaba zinasafishwa, zinapakwa dawa, zinatiwa bati la kuyeyushwa kwanza pande zote mbili. Halafu zinapandishwa moja juu ya nyingine na kupigwa ribiti za shaba, ndipo inapofuata lehemu. Vijana wanaoanza hushika chuma cha moto na kuyeyusha lehemu juu ya kiungo, ikalala pale kwa juu ikimetameta. Inapendeza na haina kazi. Unachopaswa kupasha ni bati. Chuma kinalazwa bapa juu ya kiungo, kinatulia, na unakivuta polepole sana ukitazama ule mstari wa fedha: ukiona lehemu inanywewa ndani ya kiungo, mpaka ikachungulia upande wa pili, umefika. Ukiona inajikusanya matone, bati bado baridi au bado chafu. Siku ya upepo kazi hii inakufanya uongee peke yako. Na mfereji mrefu hata ukilehemiwa vizuri namna gani lazima ukatwe mahali na kuachiwa kiungo cha kutanukia, la sivyo umetengeneza ufa wa kesho.

Ninafanya kazi na ndugu mmoja wa Lubumbashi. Kiswahili chake na changu hukutana katikati, tukipotezana tunamalizia kwa Kiingereza. Kila shehena ya mabati ikishushwa anagonga juu yake na kusema, "Hii ni ya kwetu, nani amewapa ruhusa?" Ana hoja, kwa sababu Kongo leo ni miongoni mwa nchi zinazotoa shaba nyingi kuliko zote duniani, na huko Katanga misalaba ya shaba ilikuwa fedha karne nyingi kabla ya Mzungu kufika. Bendera ya Katanga ya miaka ya 1960 ilikuwa na misalaba mitatu ya namna hiyo. Ila alipotaka kuidai na sanamu nikamkatalia. Mgodi unaotajwa zaidi kuwa ndiko ilikotoka shaba yake ni Visnes, Norway, na sanamu ilizinduliwa tarehe 28 Oktoba 1886, miaka 20 kabla ya kampuni ya Union Minière kuundwa ili kuichimba Katanga. "Sawa, kaka," akasema, "basi viraka ni vyetu." Sikuwa na jibu.

Watu wa nyumbani huniuliza kama shaba ingefaa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kwa maoni yangu, hapana, au siyo juu ya mapaa. Bei yake nje ya uwezo, itaibwa kabla haijageuka rangi na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na zaidi ya yote maji yanayotiririka kutoka kwenye shaba yanaila zinki ya bati lolote lililo chini yake. Mapaa ya kule yamebanana, yanamwagiana. Paa moja la shaba litakula matatu ya jirani. Isitoshe bati la migongo limeshakuwa sehemu ya Unguja. Nyumba nyingi za mawe zilikuwa na mapaa bapa ya boriti na chokaa, baadaye zikafunikwa mabati ya mteremko kuzuia mvua, na ndivyo tunavyoujua mji ule. Unesco ilipouorodhesha mwaka 2000, mabati yalikuwa juu yake.

Kinachonitia wasiwasi nikienda kule ni gata. Ukuta wa matumbawe na chokaa unaweza kuvumilia karne, lakini hauvumilii maji yanayoingia kwa juu. Yanalegeza chokaa, yanaozesha vichwa vya boriti palepale vinapoingia ukutani, na kwa nje unaona doa tu la ukungu. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Sitajifanya mchunguzi wa ajali ile. Nasema tu kwamba tangu siku hiyo nikipita Shangani au Malindi macho yangu huwa juu, kwenye milizamu, na mingi imeziba kwa majani au imekatika ikimwaga maji ukutani.

Kwa hiyo mwenye nyumba wa Mji Mkongwe aliyenifuata mpaka hapa, kabla ya kutafuta mpaka rangi, fanya haya kabla ya masika. Panda na ndoo ya maji, imwage kwenye gata, uangalie inakokwenda. Bati likutane na ukuta kwa kuchimbiwa mfuo kwenye chokaa na kuingizwa ndani, si kwa kupakwa saruji, kwa kuwa saruji itapasuka msimu wa kwanza. Misumari ipite kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde. Usichanganye bati la zinki na mabaki ya shaba au waya wa umeme. Mlizamu uvuke ukuta kwa kiasi cha mkono, na uwe mpana kuliko unavyodhani unahitaji. Bati la gata hiyo linapatikana, na fundi wa Mwanakwerekwe atakukunjia asubuhi ukalifunge jioni.